Muhuri wa Kandambili

Niliwahi kumwamuru mwanamke mzima atulize macho yake, na macho yenyewe hayajapata kutulia tangu azaliwe. Nilimwambia mara tatu, kwa kipaza sauti, wenzangu wawili wakisikia, na mara ya tatu nilitumia Kiswahili. Anayeujua upande huu wa mpaka, upande wa Uganda, ataelewa kwa nini nakitaja Kiswahili. Kwetu Busia mjini, katika nyumba za Waislamu wa biashara na magari, Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi mezani. Lakini ukiingia ndani kidogo, Kisoko na vijiji vingine vya Tororo, wapo watu wengi waliokisikia kwanza kwa askari wa vizuizi vya barabarani. Kwa hao, ukianza kuwasemesha Kiswahili ghafla, ni sawa na kuwaambia washuke kwenye gari wafungue mzigo. Nililijua hilo. Ndiyo maana nilikitumia.

Wakati huo nilikuwa nasimamia mitihani ya mtandaoni katika chuo kimoja njia ya Busitema. Mitihani hiyo ilianza vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, na vilipofunguliwa ikabaki, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi ni walimu wa shule za msingi wanaosomea shahada huku wakiendelea kufundisha. Mtu anakaa nyumbani na kompyuta yake, kamera inamtazama, na sisi watatu tunakaa katika chumba kimoja chuoni tukiwatazama wao, nyuso zimepangwa safu safu kwenye skrini. Programu ilikuwa inachora mraba wa kijani kuzunguka kila uso. Macho yakienda pembeni, uso ukitoka nje ya picha, au ikisikika sauti ya pili chumbani, mraba unageuka mwekundu na alama inaandikwa. Alama zikizidi, msimamizi anaamua kuonya au kuusimamisha mtihani.

Mimi nilikuwa hodari wa kusimamisha. Wenzangu walinitania kwamba mimi si msimamizi bali ni forodha nzima, geti na askari wake, na nilicheka nao kwa sababu niliipenda sifa hiyo. Niliamini nina jicho. Mtu akikohoa, nilijua kama ni kikohozi au ni ishara kwa mwenzake aliyejificha nyuma ya pazia, na mara kadhaa nilikuwa kweli nimepatia. Hizo mara kadhaa ndizo zilizoniharibu.

Forodhani ndiko nilikokulia, kwa namna fulani. Baba alikuwa wakala wa kutoa mizigo, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, hatua chache kutoka mpakani. Karatasi zake za mizigo mikubwa zilikuwa safi. Kwa mizigo midogo alikuwa na njia nyingine, ambayo mji mzima uliijua: baiskeli za magurudumu matatu za watu wasioweza kutembea. Askari wa pande zote mbili waliona haya kuwapekua watu wale. Basi chini ya kiti palitengenezwa sanduku, mkaingia mchele, sabuni au mafuta ya kupikia, na mtu wa watu anavuka huku akisalimia kulia na kushoto. Mmoja wao, mtu mpole aliyevaa kofia ya kijani kila siku, alimfanyia baba kazi hiyo miaka mingi. Baiskeli ikiwa nzito ilihitaji mtu wa kuisukuma kwa nyuma, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, na sare yangu ya shule. Askari walinisifu kwa kumsaidia mlemavu.

Siku moja walimpekua. Askari mgeni, ambaye nadhani hakuwa ameambiwa taratibu za pale, aling'oa kiti na vipande vya sabuni vikamwagika barabarani. Mimi nilikimbia. Nilijificha nyuma ya duka la kubadilisha fedha, nikaona baba akiitwa. Alikuja, akamtazama yule mtu aliyekuwa ameketi vumbini kando ya baiskeli yake iliyopinduliwa, kofia imemtoka, akasema, "Simfahamu." Jioni tulikula wali na maharage kama kawaida. Yule mtu hakuonekana tena mlangoni kwa baba, na nyumbani hakuna aliyemtaja.

Mtoto mwenye akili angetoka pale amejifunza jambo kuhusu baba yake. Mimi nilitoka nimejifunza jambo kuhusu walemavu: kwamba ulemavu ni pasi ya kuvukia, na chini ya kiti hakukosi kitu. Nimekaa na somo hilo zaidi ya miaka ishirini, nikasoma nalo, nikapata kazi nalo, nikasali nalo Ijumaa, na sikuwahi hata mara moja kulipekua lenyewe.

Wiki tatu kabla ya mtihani, barua ilifika mezani kwangu, imeletwa na boda kutoka Kisoko. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa darasa la pili huko, mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho. Herufi zake zilikuwa kubwa na mistari ilipanda mlima. Alisema uoni wake ni hafifu na macho yake hutikisika bila hiari. Aliomba mambo matatu: mashine isimhesabie alama za macho, aruhusiwe kutumia ile sauti ya kompyuta inayosoma maandishi ya kwenye skrini, na aongezewe muda. Mtihani huo ndio uliokuwa umebaki kati yake na shahada. Shule ilikuwa imeshamwambia kuwa bila shahada mwaka huo, nafasi yake itakwenda kwa mwalimu mwingine. Nyuma ya barua alibana barua ya daktari wa macho wa hospitali moja ya Tororo.

Kanuni yetu ilidai hati asili, siyo nakala, na kanuni hiyo niliipendekeza mimi. Alileta ya asili. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imetoboka, na muhuri wake ulikuwa umefifia katikati na kuvimba pembeni. Sasa, mtoto wa wakala anajua mihuri. Mpakani kwetu wapo mafundi wanaochonga muhuri wa ofisi yoyote uitakayo, kwa wembe, kwenye soli ya kandambili, na muhuri wa namna hiyo ukiupiga huwa na tabia hiyo hiyo: pembeni wino unavimba, katikati panapauka. Baba alinifundisha kuutambua kabla sijamaliza shule ya msingi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pale pale, juu ya barua ya daktari: "Muhuri wa kandambili. Baiskeli nyingine hii." Kisha nikazitia barua zote mbili kwenye droo. Sikumjibu mwenye barua. Sikupiga simu hospitali, ingawa namba ilikuwa imeandikwa juu ya karatasi.

Mtihani ulianza saa tatu asubuhi. Uso wake ulikuwa safu ya pili, ukutani nyuma yake kalenda ya kanisa. Kabla hata swali la kwanza halijafunguka mraba wake ulishakuwa mwekundu. Macho yalikuwa yanakwenda huku na huku, upesi upesi, na kichwa alikuwa amekigeuza kushoto, kama mtu anayemsikiliza aliyekaa pembeni. Nilimwambia kwa Kiingereza anyooshe kichwa na aitazame kamera. Alinyoosha, na macho yakazidi. Alama zikaendelea kuandikwa. Nikamwambia mara ya pili. Alijaribu kuyashika kwa kufumba jicho moja, na hapo niliona dharau, niliona mtu ananikonyeza.

"Wewe," nikasema kwa Kiswahili. "Tuliza macho."

"Haitulii, madam," akajibu. "Hii macho nimezaliwa nayo. Niliandika barua."

Mwenzangu mmoja aligeuka akaniuliza ni barua gani. Nilimjibu kwamba wote husema waliandika barua. Halikuwa jibu, na yeye hakuuliza tena.

Baada ya hapo nilikuwa kama mbwa aliyeshika mfupa. Nilisikia sauti nyembamba ikivuja kwenye visikizio vyake, nikamwamuru avivue. Alivivua, akasogeza uso hadi karibu na skrini ili asome mwenyewe, na kamera ikawa haioni kitu isipokuwa paji la uso. Nikamwamuru arudi nyuma. Akirudi nyuma hawezi kusoma, akisogea mbele haonekani, na mimi nilikuwa nimemweka hapo katikati kwa mikono yangu. Nikamwamuru aizungushe kompyuta anionyeshe chumba. Mlangoni aliketi mwanamke mzee na ungo mapajani, akibambua karanga. Huyo nikamhesabu kuwa ndiye mwenye majibu. Nikausimamisha mtihani.

Hakubishana. Alisema, "Sawa, madam. Asante." Kisha akaanza kutafuta kitufe cha kufungia, pua ikigusa skrini, na akachukua muda mrefu, na sisi watatu tukakaa tukimtazama hadi alipokipata.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa tatu. Nilieleza macho, kichwa, sauti na mwanamke wa mlangoni. Barua sikuitaja. Nilijiambia kuwa haina uzito, na mtu anayejiambia hivyo huku akiwa amefunga droo kwa ufunguo anajua anachofanya. Kamati ya nidhamu ilipanga kukaa baada ya wiki mbili. Ikimkuta na hatia angefukuzwa na miaka yake mitatu ingepotea. Mwenyekiti wa kamati, mhadhiri wa kike aliyekaribia kustaafu, aliisoma ripoti akaniuliza kama kuna mtu ameonana na mwanafunzi. Nilimweleza kuwa nimemwona kwenye kamera saa nzima. Akasema hajauliza hilo, na akanituma niende Kisoko kabla ya kikao.

Nilikwenda kwa hasira. Njia nzima nyuma ya boda nilikuwa napanga maswali ya kumnasa.

Nilipofika alikuwa darasani. Nilisimama dirishani bila kubisha, tabia ya upekuzi hiyo. Alikuwa anaandika ubaoni herufi kubwa kama sahani, uso karibu uguse chaki, na alipogeuka kuwatazama watoto kichwa kilikwenda kushoto vile vile na macho yakawa yanacheza vile vile. Hapakuwa na kamera. Hapakuwa na mtihani, wala mtu wa kumdanganya isipokuwa watoto wa miaka saba. Mtoto mmoja alikosea kusoma nyuma kabisa ya darasa, na mwalimu akamsahihisha bila kumwona, kwa kumjua sauti. Niliyapoteza maswali yangu yote pale dirishani.

Watoto walipotoka nilimsalimia, "Hujambo, mwalimu." Alisimama na vumbi la chaki mkononi.

"Wewe ni ile madam ya kamera," akasema. "Nakujua kwa sauti."

Nilisema ndiyo, ni mimi. Nilitegemea anifukuze, na ningeshukuru kama angenifukuza. Alinikaribisha kwao, nyuma ya shule, mwendo wa dakika chache. Mama yake, yule mwanamke wa ungo, alinisalimia kwa Kidhopadhola, lugha ya huko, na mimi sikuwa na zaidi ya maneno mawili ya kumjibu. Mwalimu akaleta maji ya kunawa na sahani ya karanga, na alipofika mbele yangu alipiga magoti, kama wanawake wa huko wanavyompigia mgeni wa heshima. Mtu mzima, mwalimu, magoti chini mbele yangu, akinishikia beseni. Nilinawa mikono nikiangalia maji. Sijui kama nimewahi kujichukia kwa utulivu namna ile.

Nilimwomba anionyeshe anavyofanya kazi, na alinionyesha bila kuninunia. Macho yake, alieleza, yana sehemu moja ambapo hupungua kucheza, na sehemu hiyo ni pale anapogeuza kichwa kushoto. Mtu akimwambia anyooshe kichwa anamwondoa pale pale anapoona. "Na mtu akifoka," akasema, "inakimbia kabisa." Kisha akaiwasha ile sauti ya kompyuta. Ilisoma ukurasa mzima kwa kasi ambayo mimi niliisikia kama nyuki ndani ya kopo, na yeye akanirudishia kilichosemwa, hoja moja moja, bila kupunguza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya pili niliyoiandika kwenye ripoti. Mama alikuwa mlangoni kwa kuwa mlango ndio wenye mwanga wa kubambulia karanga.

Nilimuuliza kuhusu muhuri wa hospitali, kwa kuzungukazunguka, kana kwamba nimeukumbuka tu. Alicheka kidogo. Karatasi ile alipewa akiwa bado msichana wa sekondari. Kila ofisi huitaka, huitazama, humrudishia, na ofisi inayofuata huitaka upya. Mwaka mmoja ilinyeshewa ndani ya mkoba. "Nimezeeka nayo," alisema. Halafu akaniuliza, kwa adabu, kama barua yake ilifika.

"Ilifika," nikasema.

Nikaongeza kwamba ofisini mambo huwa mengi. Alisema, "Eeh," akaichukua sahani, na mama yake akanifungia karanga zilizobaki kwenye karatasi ya daftari nikapeleke kwa wanangu. Nikazipokea. Ningefanyaje, nizikatae? Lakini nilipofika Tororo mjini sikuweza kuzila wala kuzitupa, na zilikaa kwenye mkoba wangu hadi zikaota ukungu.

Ungedhani mtu aliyeona hayo angerudi akasema kweli yote. Mimi nilisema nusu. Mbele ya kamati nilieleza habari za macho, kichwa na sauti ya kompyuta, na nilieleza vizuri, maana kueleza najua. Kuhusu barua nilisema imepatikana. Nilitamka hivyo hivyo, imepatikana, utadhani ilikuwa imetoka matembezini ikachoka ikarudi. Mwanafunzi akafutiwa shtaka na kupangiwa mtihani mwingine, na kamati ikanishukuru kwa kujitolea kufunga safari.

Tena wakanipa kazi ya kuandika taratibu mpya za wanafunzi wenye ulemavu. Niliziandika. Mtu akileta maombi, ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku chache. Nakala ya hati inatosha, na ikitiliwa shaka, anayetilia shaka ndiye apige simu. Alama za macho na za kichwa zizimwe kwa anayehitaji, na mtu aketi amsimamie kwa macho ya kibinadamu. Sauti ya kompyuta isikike kwa spika ili msimamizi aijue. Habari zilipoenea, wengine wakajitokeza: mwalimu ambaye shingo yake hushtuka, mwingine mwenye kigugumizi anayesoma maswali kwa kunong'ona ili ayaelewe. Nilirudi kwenye rekodi za mihula iliyopita nikamkuta yule wa kigugumizi. Alama zake ziliandikwa na mashine, lakini onyo lilikuwa na jina langu chini yake. Nilimwandikia kuomba radhi na hakunijibu, na ana haki. Chuoni, hata hivyo, watu walinipongeza kwenye korido. Nilijibu asante.

Mtihani wa pili nilimsimamia mimi mwenyewe. Kichwa chake kilikwenda kushoto, sauti ya nyuki ikasoma kwenye spika, na mara moja nilimwona akitabasamu kwa swali alilolijua. Alimaliza kabla ya muda wa nyongeza kwisha. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri kuliko nilivyofaulu mimi zamani.

Wiki hiyo hiyo alikuja ofisini. Alivaa gauni la kanisani na viatu vilivyopakwa rangi, akasema amekuja kuchukua karatasi yake ya hospitali. Shule ilitaka aipeleke Jumatatu pamoja na matokeo, iingie kwenye faili lake.

Siku hiyo nilikuwa nikiiogopa tangu Kisoko. Asubuhi moja nilikuwa nimejifungia ofisini nikajaribu kuukwangua ule wino mwekundu kwa wembe, mimi, binti wa forodha, nimeinama juu ya hati ya mtu kama fundi wa soli. Karatasi ilianza kutoboka nikaacha. Sasa nilifungua droo nikampa. Nilimpa ikiwa imekunjwa, na hadi leo naona aibu kusema nilitumaini ataitia kwenye mkoba bila kuitazama.

Aliikunjua. Aliileta puani, akageuza kichwa kushoto, akaanza kusoma kutoka juu, polepole, uso ukitembea na mstari. Alipofika pembeni, kwenye wino wangu, uso ulisimama. Ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena.

"Kandambili nafahamu," akasema. "Lakini baiskeli ni nini?"

Ningeweza kumdanganya, na uongo wenyewe ulishakuwa umefika mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe. Nikamwambia yote: baiskeli ya magurudumu matatu, sanduku la chini ya kiti, sare yangu, sabuni barabarani, baba kusema hamfahamu. Nikamwambia kuwa barua yake ilikuwa kwenye droo hii hii siku nilipomwambia atulize macho, na kwamba kamati haijui. Nilikuwa nimeshaanza kulia, jambo ambalo lilinikasirisha, maana mwenye haki ya kulia pale alikuwa yeye na macho yake yalikuwa makavu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yule mtu," akauliza, "alirudi nyumbani kwake namna gani?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wake: baiskeli imepinduliwa, hawezi kutembea, yuko chini barabarani, baba yako amekwenda zake. Nani alimwinua?

Nilisema sijui. Ndiyo kweli, sijui. Katika miaka yote ile sikuwa nimejiuliza hata mara moja, na baba sasa ni marehemu.

Alitikisa kichwa, akairudisha karatasi mezani. "Sasa Jumatatu napeleka nini?"

Karatasi ile haikufaa tena ofisi yoyote. Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika barua kwa shule yake, nakala kwa hospitali, nakala kwa mwenyekiti wa kamati. Niliandika kwamba hati hii ni halali, kwamba maandishi mekundu ni yangu, kwamba niliipokea wiki tatu kabla ya mtihani nikaificha, na kwamba nilimtuhumu mtu huku nikiwa na uthibitisho wake mkononi. Nilimsomea kwa sauti. Alinisahihisha sehemu moja tu: nilikuwa nimeandika kuwa namwombea yeye radhi, akasema hiyo si ya kwenye barua ya ofisi, kama nataka kumwambia nimwambie. Nikamwambia. Alisema amesikia.

Nikachukua muhuri wa ofisi nikaupiga. Kibweta cha wino kilikuwa kimekauka tangu likizo. Aliiinua barua hadi puani, akaikagua pembe hadi pembe.

"Madam," akasema, "muhuri wako umefifia katikati. Watakubali kweli?"

Hakuwa anatania. Nilimwaga wino kidogo kwenye kibweta, nikaupiga tena, na bado ulivimba pembeni. Mwishowe nikaandika namba yangu ya simu chini yake kwa herufi kubwa, atakayeshuku anipigie.

Kutokana na nakala ya mwenyekiti nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye usimamizi kwa muhula mmoja, na sikulalamika. Jumatatu nilishinda na simu mezani. Haikulia, na mchana kutwa niliwazia barua yangu ikiwa kwenye droo ya mtu mwenye jicho kama langu. Jumanne asubuhi nilishindwa kuvumilia nikampigia yeye mwenyewe. Nyuma yake nilisikia watoto wakisoma kwa pamoja. Nikamuuliza kama wamemwachia nafasi yake, na kama mwalimu mkuu alisema lolote kuhusu muhuri.

"Hakusoma barua, madam," akasema. "Aliitia tu kwenye faili. Alisema mimi ananifahamu."